Msimu wa Kuiua Kata

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa tatu kasoro robo, Kamati ya Lugha imeanza saa tatu kamili, na mimi nimeingia katikati ya hizo mbili nikiwa nimelowa mpaka soksi. Nimewaandikia barua kumi na saba kwa miaka sita. Nadhani wamechoka kunijibu, wakaona bora wanipe kiti. Kiti chenyewe kina miguu minne, na inayogusa sakafu ni mitatu.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikisoma tena nisijidanganye. Kamati hii inatunza Kitabu cha Kanuni, kurasa 846, kinachosema kila neno la lugha yetu ya kompyuta linafanya nini. Kuna kampuni tano zinazotengeneza injini, yaani programu zinazoisoma lugha hiyo na kuitii, na zote zinafuata kitabu hiki. Ndani ya lugha kuna amri tatu za kazi moja: kuchukua kipande kutoka kwenye mstari wa herufi. Kata ndiyo kongwe. Unaipa namba mbili: pa kuanzia, na herufi ngapi. Tenga ilizaliwa baadaye: pa kuanzia, na pa kukomea. Mega ni kama Tenga, ila inajua pia kuhesabu kutoka mkiani. Amri tatu, na mtu akizichanganya hakuna anayempigia kelele.

Nimekuja kuiua Kata. Nimewaambia hivyo hivyo.

Mwenyekiti, mama mfupi mwenye sauti ya kufika barabarani, alinieleza utaratibu. "Hapa hatupigi kura, ndugu yangu. Tuko ishirini na wanane. Pendekezo likikosa mpinzani, limepita. Akipinga mmoja, limelala."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Na tunaye."

Wote wakamgeukia bwana mmoja mrefu aliyekuwa anamenya chungwa. Wanamwita Breki. Anaiwakilisha moja ya kampuni za injini, na kwa miaka tisa amelaza mapendekezo thelathini na moja.

"Kata imekukosea nini, kaka?" akaniuliza.

"Imenifukuzisha kazi."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimekausha viatu nyuma ya kompyuta.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu, anayefundisha watu kuendesha magari, kanikuta napanga hoja mezani kabla hata ya chai. "Mke mwenzangu hajambo?" Ndivyo anavyoiita Kata. Miaka kumi na moja anavumilia habari zake. Akasema, "Siku ukimshinda huyo, baba watoto, sijui utaamka kwa sababu gani."

Basi niiandike hapa mara moja, nipumzike.

Mimi sikusoma chuo. Nilikuwa natengeneza redio. Nikiwa na miaka ishirini na sita niliokota kitabu cha lugha hii kilichokosa kurasa arobaini za mwanzo, nikajifunza kuanzia ukurasa wa arobaini na moja. Miaka mitano baadaye maabara ya hospitali ikanipa kazi ya kuandika programu ya kusoma lebo za mirija ya damu. Namba ya mgonjwa ilikuwa herufi sita za mwanzo wa lebo. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo niliandika: Kata, sifuri, sita. Ikafanya kazi miezi minane bila kukohoa.

Kisha hospitali ikaamua kila lebo itanguliwe na herufi mbili za wodi. Namba ya mgonjwa ikasogea hatua mbili. Na mimi nikasogeza: nikaongeza mbili huku, mbili huku. Kata, mbili, nane. Mtoto wa darasa la pili angefanya hivyo hivyo. Kama ningekuwa nimetumia Tenga, jibu lingekuwa sahihi kabisa: anzia mbili, komea nane, herufi sita. Lakini kwa Kata ile nane si mahali, ni idadi. Ikachukua herufi nane: namba ya mgonjwa pamoja na tarakimu mbili za tarehe. Daftari la wagonjwa, lililozoea sita, likatupa mbili za mbele likabaki na sita za nyuma. Majibu ya mtu huyu yakaenda kwa mtu yule.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ukianzia sifuri, Kata na Tenga hutoa jibu moja. Unaweza kuishi na moja miaka ishirini ukidhani ni nyingine. Siku ukianzia popote pengine, zinaachana, na hakuna anayekwambia.

Mirija 214 kwa siku mbili. Hakuna aliyekufa. Lakini watu 214 walichomwa sindano upya, na wa mwisho alikuwa mtoto, mama yake akimshikilia mkono. Daktari mkuu alisema mbele ya wauguzi, "Haya ndiyo matunda ya fundi wa kuokota." Nikaondoka na mfuko wa plastiki.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Kumbukumbu za Kamati ziandike kwamba Kata iliondolewa kwa sababu ni hatari, na mfano wake uwe ule. Nataka iandikwe mahali pasipofutika kwamba kosa halikuwa langu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewamwagia namba. Programu 200,000 kutoka ghala la wazi la mtandaoni. Kata imo ndani ya 38,412, yaani asilimia 19.2. Katika hizo, 23,431, asilimia 61, hazijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka mitano au zaidi. "Hizo ni maiti," nikasema. "Maiti haumii."

Breki akaweka chungwa chini. "Nani kakwambia wamekufa?"

"Hakuna anayezitunza."

"Mimi nina kisima nyumbani, hakuna anayekitunza tangu baba mkwe afariki. Maji tunakunywa."

Wakacheka tena, safari hii na mimi kidogo. Halafu akauliza swali lililonikata maini: Kitabu cha Kanuni kinasema nini hasa kuhusu Kata? Tukafungua. Mistari miwili. *Hutoa kipande kuanzia mahali palipotajwa, kwa idadi iliyotajwa.* Basi.

"Kabla hujaiua," akasema Breki, "tuambie kwanza ni nini. Hapa hakuna anayejua."

Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimetunga maswali 41 ya kuitesa Kata.

Ijumaa, 15 Machi

Kata ikiambiwa ianzie kabla ya mwanzo inafanya nini? Ikiambiwa ichukue herufi kumi kwenye neno lenye tatu? Ikipewa mbili na nusu? Ikinyimwa namba ya pili? Ikiambiwa ichukue idadi iliyo chini ya sifuri? Maswali 41, injini tano. Majibu 205 ya kujaza.

Jumamosi, 16 Machi

Mke wangu: "Jumamosi, baba watoto." Nimemwambia nimefika 120.

Jumapili, 17 Machi

Nimemaliza. Nimehesabu mara tatu kwa sababu sikuamini.

Majibu 205. Tofauti: sifuri.

Nimeinuka nikasimama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye paa la jirani na maji yote yalikuwa yanafuata mfereji mmoja. Kampuni hizi tano zinashtakiana mahakamani. Zinanyang'anyana wafanyakazi. Kitabu hakikuwaambia kitu zaidi ya mistari miwili. Na bado, ukiiambia Kata ichukue herufi mbili na nusu kuanzia mahali pasipokuwepo, zote tano zinakupa upuuzi ule ule, herufi kwa herufi, kama ndugu waliolelewa na mama mmoja.

Nani aliwapatanisha?

Jumatatu, 18 Machi

Nimemfuata Breki kwenye ngazi kabla ya kikao, nikamwonyesha jedwali. Akalisoma polepole, kidole kikishuka.

"Swali la thelathini na tatu," akasema. "Hili nalijua."

"Unalijua vipi?"

"Injini yetu ilikuwa inajibu tofauti. Tuliona yetu ndiyo yenye akili zaidi. Kisha akaandika mtu mmoja kwamba ukurasa wa kukatia tiketi za kivuko umekufa, watu wamesimama foleni na mizigo. Nilitafuta siku tatu. Ilikuwa Kata. Nikaifanya yetu iwe na ujinga kama wa wenzetu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi. Na wenzetu wanne wameshafanya vivyo hivyo, mara ngapi sijui. Hakuna anayeandika mambo hayo." Akanirudishia karatasi. "Kazi safi, kaka. Sikutegemea."

Nilikuwa nimeshampanga kwenye orodha ya watu wabaya. Nimemtoa, kwa muda.

Jumanne, 26 Machi

Mvua imebomoa ukuta wa uwanja. Hakuna kikao.

Jumatatu, 1 Aprili

Hata hivyo kushangaa si hoja. Nimeleta dawa: programu ndogo inayosoma programu nyingine, ikikuta Kata inaiandika upya kuwa Mega, na kupiga hesabu ya namba ya pili yenyewe. Nimeijaribu kwenye zile 38,412. Imekosea katika tisa. Na onyo litatolewa miaka minane kabla ya Kata kuondolewa.

Mwenyekiti akamtazama Breki.

"Naifikiria," akasema Breki. Wanasema hajawahi kutamka neno hilo.

Jumatatu, 15 Aprili

Breki amekubali! Mbele ya watu ishirini na saba: "Hesabu za huyu bwana zimenishinda. Sina breki leo." Wamepiga meza.

Akaongeza jambo moja tu. "Ila zile asilimia sitini na moja. Nani ataiendesha dawa yako juu yake?"

"Watajijua," nikasema.

Mwenyekiti anataka ushahidi wa maandishi wa madhara, kwa ajili ya kumbukumbu. Yaani ripoti ya hospitali. Uamuzi ni tarehe 13 Mei. Nimefika nyumbani nikiimba, mke wangu akauliza nimekunywa nini.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeandika barua kwa maabara.

Jumanne, 30 Aprili

Mkuu wa maabara kajibu: *Njoo. Ripoti ninayo.* Ni yule yule wa wakati ule. Hakunitetea siku ile, wala hakunitukana.

Alhamisi, 2 Mei

Hii nitaiandika yote.

Nilifika saa nne, mvua ikiwa nyepesi. Korido ile ile, harufu ile ile ya dawa ya kusafishia. Mkuu wa maabara amekuwa na mvi, na miwani inaning'inia kifuani. Hakunikaribisha kiti, hakuna viti mle. Alinisogezea ndoo iliyopinduliwa.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umepungua."

"Kazi." Akaendelea kupanga mirija kwenye kishikizo, kumi kumi. Anapanga bila kutazama. Kisha akasukuma kishikizo kwenye mashine, mashine ikalia, na skrini ikaanza kuandika namba za wagonjwa moja baada ya moja. Nikatazama skrini. Nikaitazama tena. Mistari ya kijani, nyota tatu juu, nyota tatu chini. Nyota zile niliziweka mimi, kwa sababu nilikuwa kijana na niliona zinapendeza.

"Hii ni yangu," nikasema.

"Ya nani tena?"

"Mlinifukuza!"

"Wewe tulikufukuza. Hii tuliiacha." Alisema hivyo kama mtu anayekueleza maziwa yamo kabati lipi. "Walileta watu na programu mpya mara mbili. Ya kwanza ilikuwa polepole. Ya pili ilitaka mtandao, na mtandao wetu mvua ikinyesha unaujua. Tukarudi kwenye yako."

Chini ya skrini kulikuwa na kihesabio cha mirija. Nilikiweka mimi pia. Kilisoma 1,212,907.

Nilikaa juu ya ndoo. Milioni moja, laki mbili, na kumi na mbili elfu na ushee. Nikagawa kichwani: miaka kumi na moja, kama mirija mia tatu kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kila mmoja ni mkono wa mtu uliochomwa, mtu anayesubiri kwenye benchi. Na kila mmoja umepita katikati ya mstari wangu mmoja. Umepita katikati ya Kata.

"Nani aliitengeneza?" nikauliza. "Ile nane."

"Mimi."

"Wewe unajua lugha hii?"

"Sijui. Ulikiacha kitabu chako droo ya chini, kile kisicho na mwanzo. Nilisoma siku tatu. Nikaona umeandika mbili na nane. Nikabadilisha nane kuwa sita. Nikapitisha mirija ile yote 214 upya, ikatoka sawa."

"Lakini hukuona jinsi amri ile ilivyo ya kijinga? Mtu yeyote angedhani nane ni pa kukomea!"

Akavua glavu. Alinitazama jinsi wanavyomtazama mgonjwa anayeuliza kama sindano inauma.

"Mtu yeyote? Mimi sikudhani. Unaanzia wapi, unachukua ngapi. Ndivyo tunavyochota damu, mililita tano. Ndivyo tunavyopima dawa. Huwezi kumwambia mtu, chota mpaka mahali fulani. Hiyo ya pa kukomea, Tenga, ndiyo niliyoisoma nikaona ya ajabu."

Miaka kumi na moja nimeita Kata upumbavu, na hapa kuna mtu aliyeielewa kwa siku tatu kwa sababu mikono yake inahesabu hivyo tangu ujana.

Akanipa ripoti. Ukurasa mmoja, mwandiko wake. *Lebo zilisogea herufi mbili. Fundi aliongeza mbili pande zote mbili, ilhali namba ya pili ni idadi na haikupaswa kubadilika. Imerekebishwa.* Hakuna tusi. Yale maneno ya daktari mkuu hayamo.

"Ukitaka," akasema, "naweza kukuandikia barua kwamba amri ilikuwa na utata. Itakusaidia huko kwenye kamati yenu?"

Hiyo ndiyo barua niliyoitafuta. Miaka kumi na moja. Ilikuwa pale, kwa kuomba tu.

"Kata ikiondolewa," nikamuuliza, "hii mashine ikisasishwa injini yake, programu itasimama. Nani ataitengeneza?"

"Wewe si umekuja?"

Nikasema hii naweza, dakika kumi. Akatikisa kichwa, akavaa glavu nyingine. "Basi mshukuru Mungu. Maana simu yako hatukuwa nayo."

Ijumaa, 3 Mei

23,431.

Niliziita maiti. Yangu nayo ni ya aina hiyo, haijaguswa tangu alipobadilisha nane kuwa sita. Leo nimefungua ishirini za kwanza, nimesoma moja moja. Ratiba ya kengele za shule. Kipimo cha unyevu wa ghala la nafaka. Kadi za maktaba. Mizani ya kupimia watoto wachanga. Kumi na nne bado zinafanya kazi. Nimepiga simu pale palipokuwa na namba. Waliopokea hawakujua ninaongelea nini. "Inafanya kazi tu," aliniambia mlinzi wa ghala. "Kwani inatakiwa ifanye nini?"

Kumi na nne kwa ishirini. Zidisha. Elfu kumi na sita na mia nne, kwa zile programu 200,000 peke yake.

Nimeweka kalamu chini nikaogopa, ile hofu ya kusimama ndani ya jengo kubwa mno. Nilidhani nimeingia kwenye kamati ya watu wavivu wasiotaka kufagia.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu kaniuliza mke mwenzake hajambo. Nimesema hajambo. Kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatatu, 13 Mei

Mawingu tu, bila mvua. Watu ishirini na wanane, hakuna aliyekosa.

Mwenyekiti alisoma pendekezo lote, kisha akauliza kama kawaida: "Yupo anayepinga?"

Hakuna aliyesogea. Breki alikuwa amefumbata mikono. Ripoti ilikuwa kwenye bahasha mbele yangu. Ningekaa kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ningekuwa nimeshinda.

Nilifika saba.

"Napinga," nikasema.

"Nani huyo?" Mwenyekiti alikuwa anatafuta upande wa Breki.

"Mimi."

"Ndugu yangu, ni pendekezo lako!"

"Najua. Andika: mwasilishaji anapinga." Nikawaeleza kuhusu ndoo, nyota tatu, na kumi na nne kwa ishirini. Nikaifungua bahasha nikasoma ripoti kwa sauti, pamoja na sentensi inayosema fundi aliongeza mbili. "Ripoti iko sahihi," nikasema. "Lugha ilinitega, lakini mkono ulikuwa wangu."

Niliposema hivyo nilitegemea kitu kivunjike ndani yangu. Hakikuvunjika.

Breki alicheka mpaka akashika meza. "Miaka tisa mnaniita Breki! Jamani, mrithi huyu hapa."

Wakakubaliana hivi: Kata inabaki, kwenye kiambatisho cha nyuma, na onyo juu yake kwa wanaoanza kazi mpya. Na ile mistari miwili ibadilishwe na maelezo kamili, ili mtu akitengeneza injini ya sita asihitaji kuwasumbua watu wenye mizigo kwenye kivuko. Nani ataandika? Hakuna aliyeuliza. Walinigeukia tu.

Jumanne, 21 Mei

Maelezo ya Kata: hatua saba. Nimezijaribu kwa maswali yote 41.

Alhamisi, 23 Mei

Nimempelekea mkuu wa maabara asome, maana kwa hesabu yangu ndiye mtumiaji wa Kata wa muda mrefu zaidi ninayemjua kwa sura. Alisoma amesimama, miwani puani, mirija ikisubiri. Akarudi juu, akasoma tena.

"Hatua ya nne," akasema. "Umeandika 'urefu'. Urefu wa nini? Wa lebo, au wa kile unachokichukua?"

Wanakamati watatu walishaipitia. Breki alishaipitia. Nilikuwa nimejisomea mara zisizohesabika, mimi ninayehesabu kila kitu.

"Wa unachokichukua."

"Basi sema hivyo. Mwingine ataongeza mbili."

Nikaomba kalamu yake. Nikafuta "urefu", nikaandika "idadi ya herufi zitakazochukuliwa", nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye mirija yake.

Kitabu cha Kanuni hakiweki majina ya waandishi. Kwa hiyo naandika hapa: kiambatisho, amri ya Kata, hatua sita ni zangu. Ya nne ni yake.